Maoni yangu kuhusu splitiseti: kwanza jua mwamba wako unavunjikaje, ndo useme bolti nzuri au mbaya

Habari zenu wakuu. Leo nataka kutoa maoni kuhusu bolti ya msuguano, lile bomba la chuma lenye mpasuo urefu wote tunaloligongelea kwenye mwamba wa dari na kuta za handaki la mgodi ili usidondoke, wengi tunaliita splitiseti. Naona watu wanaibishania sana, mmoja anasema haifai kabisa, mwingine anasema bila hiyo hashuki chini, na wote wawili wanasema kweli, ila kila mtu anaongelea mwamba wake. Mi nimefanya nayo kazi kwenye miamba ya aina nyingi, na msimamo wangu ni kwamba hii bidhaa huwezi kuipa nyota hata moja kabla hujajibu swali la kwanza, mwamba ulio juu ya kichwa chako unavunjika kwa namna gani? Bolti ileile inayookoa watu kwenye handaki moja inaweza ikakatika au ikachomoka kwenye handaki la jirani, na hapo bolti haijabadilika chochote, kilichobadilika ni jiwe.

Kwa ambao hawajawahi kuishika, maelezo mafupi. Ilibuniwa na James J. Scott miaka ya 1970, na kampuni ya Ingersoll-Rand ndo ikaanza kuitengeneza na kuiuza. Ni bomba la chuma, lina mpasuo mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ncha moja imechongoka kidogo na ncha nyingine ina pete iliyochomelewa ya kushikilia pleti, kile kipande bapa cha chuma kinachoegemea uso wa mwamba. Unatoboa tundu jembamba kuliko bomba lenyewe, alafu unaligongelea kwa mashine, bomba linajibana kwenye mpasuo na muda wote linataka kurudi kwenye upana wake, kwahiyo linasukuma kuta za tundu kwa urefu wake wote. Msuguano ndo unaoshika, hakuna gundi, hakuna saruji, hakuna kukaza nati, ukimaliza kugongelea tayari inafanya kazi.

Hilo la kufanya kazi papo hapo ni sifa kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kuelewa kwanini inabidi tuongee kidogo kuhusu kinachotokea unapofungua tundu kwenye mwamba.

Mwamba chini ya ardhi haujapumzika. Uzito wa yaliyo juu yake unaukandamiza kwa kama megapaskali 27 kwa kila kilomita moja ya kina (megapaskali moja ni kama uzito wa kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba), hiyo ni mkazo wa wima, na mkazo wa mlalo mara nyingi unakuwa mkubwa zaidi hasa kwenye kina cha kawaida. Ukichimba handaki umeondoa jiwe lililokuwa linabeba sehemu ya mzigo huo, na mzigo hauendi popote, unazunguka na kubanana pembeni ya uwazi kama maji ya mto yanavyobanana pembeni ya nguzo ya daraja. Mjerumani mmoja anaitwa Kirsch alipiga hesabu hii mwaka 1898 kwa tundu la duara na mpaka leo tunaitumia: kama mwamba umebanwa sawasawa pande zote, mkazo kwenye ukuta wa handaki unakuwa mara 2 ya ule wa mwanzo, na kama umebanwa upande mmoja tu unafika mara 3 sehemu moja ya ukuta huku sehemu nyingine ya ukuta huohuo ikivutwa badala ya kukandamizwa. Na jiwe kuvutwa haliwezi kabisa, uwezo wake wa kuvutwa ni sehemu ndogo tu ya uwezo wake wa kukandamizwa.

Ila cha kushangaza ni jinsi madhara haya yanavyoisha haraka ukiingia ndani ya mwamba. Kwenye ule mfano wa kubanwa sawasawa, ukifika umbali wa mara 3 ya nusu kipenyo kutoka katikati, mkazo umeshashuka mpaka asilimia 11 tu juu ya kawaida. Kwahiyo vita yote inapiganwa kwenye mita chache za kwanza, na ndo maana fimbo ya chuma yenye mita 2 au 3 inaweza kuwa na maana yoyote mbele ya mlima mzima. Bolti haibebi mlima wakuu. Mlima unajibeba wenyewe, bolti kazi yake ni kuzuia ngozi ya mwamba iliyovunjika isiachiane, ili hilo tao la mkazo lililoko ndani liendelee kuwa na kitu cha kuegemea.

Kuna jaribio moja la zamani nalipenda sana linaonyesha jambo hili. Mhandisi Lang, kwenye mradi wa umeme wa maji wa Snowy Mountains kule Australia, alijaza kokoto kwenye ndoo, akaweka boliti ndogondogo zilizokazwa na pleti zake, akaipindua juu chini. Kokoto hazikumwagika. Kokoto tupu ambazo hazijashikana kwa chochote, zilijishikilia zenyewe kwasababu zilikuwa zimebanwa. Kutoka kwenye kazi yake tunapata kanuni ambayo mpaka leo inatumika, kwamba urefu wa bolti usiwe chini ya mara 2 ya nafasi kati ya bolti na bolti. Ila zingatia kitu kimoja, bolti za Lang zilikuwa zimekazwa, zinabana jiwe tangu dakika ya kwanza. Splitiseti haikazi hivyo, inasubiri mwamba usogee kidogo ndo iukamate. Tofauti hiyo ikumbuke, nitairudia.

Sasa tuje kwenye namna za kuvunjika, na kila moja nasema splitiseti inafanyaje.

Ya kwanza ni ile ya vipande. Kwenye kina kidogo na mwamba mgumu, mkazo hauna nguvu ya kuvunja jiwe lenyewe, ila jiwe limeshakatwa na nyufa za asili tangu zamani za kale, na nyufa za pande tatu zikikutana na dari ya handaki lako zinakata kabari, kipande kamili chenye umbo lake ambacho kilichokuwa kinakizuia ni lile jiwe ulilolitoa. Kinashuka kwa uzito wake tu, mara nyingi bila kelele wala onyo. Hapa splitiseti inafanya vizuri kwenye kabari ndogo na fupi, lakini kwenye kabari kubwa watu wengi wanadanganywa na namba ya kwenye karatasi. Mfano bolti ya milimita 46, chuma chake kinakatika kwa wastani wa tani 16 hivi, na mtu anasoma hiyo 16 anagawa uzito wa kabari anapata idadi ya bolti, anaridhika. Hapana! Kinachoshika kabari sio nguvu ya chuma, ni msuguano wa kile kipande cha bomba kilichopita ufa na kuingia kwenye jiwe zima. Tuseme kwa mfano bolti ina mita 2.4, na pale ilipo ufa uko mita 1.8 juu ya dari, umebakiwa na mita 0.6 tu ya kushikilia. Kama msuguano ni tani 4 kwa kila mita, bolti hiyo inakupa tani 2.4. Sio 16. Na kabari ya mita za ujazo 4 inakaribia tani 11, kwasababu jiwe la kawaida lina tani 2.7 kwa mita moja ya ujazo. Hesabu hii haihitaji kompyuta, inahitaji mtu aliyepanda na kuangalia nyufa zimeelekea wapi, na mi naomba sana wanaopanga bolti waende wakaziangalie kwa macho yao.

Kwa kabari kubwa mi napendelea nondo iliyomiminiwa rezini (gundi inayoganda ikawa ngumu) au saruji, hiyo mshiko wake kwa kila sentimita ni mkubwa mara nyingi zaidi, na kama kabari ni kubwa kuliko bolti zenyewe basi unaingia kwenye nyaya ndefu za chuma zilizomiminiwa saruji, hapo splitiseti haina nafasi kabisa.

Ya pili ndo iliyonifundisha kuheshimu mwamba, mwamba mzima mgumu usio na nyufa unaojimenya mabamba. Ukiingia kina kirefu unakuta ukuta unatoa vipande bapa, vyembamba, vina makali, vimelala sambamba na ukuta, na vinasikika vikipasuka. Mtu akiona anauliza mbona hili jiwe maabara ilisema linastahimili megapaskali zaidi ya 200? Jibu zuri kuliko yote lilitoka Canada, kwenye maabara ya chini ya ardhi karibu na Pinawa, Manitoba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichimba handaki la duara la kipenyo cha mita 3.5 kwenye kina cha mita 420, ndani ya graniti nzima safi, na hawakutumia baruti kabisa, walitoboa matundu yaliyopangana na kupasua jiwe kwa mashine ili mtu asije akasema baruti ndo imeharibu. Mkazo mkubwa pale ulikuwa kama megapaskali 60 kwa mlalo na mdogo kama 11. Weka kwenye hesabu ya Kirsch, 3 mara 60 toa 11, unapata 169 kwenye dari na sakafu. Graniti ya maabara ilikuwa inavunjika juu ya 200. Kwa hesabu hiyo handaki lilipaswa kubaki zima. Halikubaki, lilijimenya dari na sakafu mpaka likachonga umbo la herufi V juu na chini.

Sababu ni kwamba jiwe haliharibiki siku linapovunjika vipande viwili kwenye mashine. Nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa macho zinaanza kufunguka mkazo ukifika kama asilimia 40 mpaka 50 tu ya nguvu ile ya maabara, zinafunguka kwa kuelekea upande wa mkandamizo, yaani sambamba na ukuta. Mhandisi Mwingereza anaitwa Griffith alishaeleza mwaka 1921 kwamba vitu vigumu vinavyokatika ghafla vinavunjika kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo ndani yake tayari. Ndani ya mwamba nyufa hizo zinabanwa na jiwe la pembeni haziendi mbali, lakini kwenye ngozi ya handaki hakuna kinachobana upande wa uwazi, upande huo ni hewa, kwahiyo ufa unakimbia unavyotaka, unakata bamba, bamba linapinda linadondoka, na lililo nyuma yake nalo linabaki wazi zamu yake inafika.

Na kitu nilichokishika zaidi kutoka kule Pinawa ni hiki, sakafuni palipokuwa bado pamelala kifusi, kujimenya kulizuiliwa, walipokisafisha sakafu nayo ikaanza kupasuka. Kifusi tu! Uzito mdogo wa mawe yaliyolala pale ukilinganisha na mkazo wa megapaskali 169 ni kama haupo, lakini ulitosha kuzuia bamba lisianze kunyanyuka. Hapa ndo penye siri ya kazi yetu yote ya kuegemeza miamba, msukumo mdogo kwenye ngozi unafanya kazi kubwa kupita kiasi, ilimradi uwepo mapema na ushike eneo lote.

Sasa splitiseti peke yake kwenye mwamba wa namna hii haitoshi, tena naomba nisisitize PEKE YAKE, manake mabamba ni membamba na yanadondoka katikati ya bolti na bolti, unakuta bolti zote zimebaki zimening'inia nje zinaonekana, jiwe lililokuwa katikati yao limekwenda. Ukiona hivyo usiseme bolti mbaya. Kilichokosekana ni kitu cha kushika ngozi, wavu wa chuma au zege la kupuliza, na pleti zilizokaa vizuri juu ya wavu. Ukiiweka na wavu, splitiseti inakuwa mwenzi mzuri sana, inaingia haraka, na mwamba unaojimenya unapovimba bolti inateleza kidogo kidogo inauacha upumue bila kukatika. Nondo iliyomiminiwa rezini urefu wote, kwa ugumu wake, mwamba ukifunguka kwenye ufa mmoja inavutwa palepale kwenye sentimita chache na inaweza kukatika. Ule udhaifu wa splitiseti niliousema mwanzo, kwamba inasubiri jiwe lisogee, hapa unageuka kuwa sifa.

Kwenye mwamba wa matabaka, ule uliopangana kama mchanga na udongo uliogeuka jiwe, dari inavunjika kwa kupinda. Kila tabaka ni boriti nyembamba inayojinyonga katikati, chini inavutwa inapasuka, na matabaka yanateleza moja juu ya jingine. Bolti inayapigilia pamoja yawe boriti moja nene. Splitiseti inaweza kazi hii kama tabaka gumu liko karibu na bolti inafika huko, na ina faida moja ambayo haitajwi sana: tabaka likiteleza kwa upande bomba linabanwa linapinda, na msuguano unapanda badala ya kushuka. Lakini tabaka likitaka kuachiana tangu mwanzo bolti iliyokazwa ni bora, kwasababu inayabana kabla hayajaanza kuachiana. Mi naipa nyota 3 hapo.

Mwamba laini wenye udongo mwingi unaosogea na kubana handaki taratibu wiki hata miezi, hapo naipa nyota 4 bila wasiwasi, kwasababu bolti nyingi ngumu zinakatika kichwa wakati yenyewe inateleza pamoja na mwamba na bado inashika. Ila sharti tundu lisiwe limetobolewa vibaya. Na udongo huohuo ukipata maji ukawa unateleza, mshiko unashuka, kwahiyo pima.

Kuhusu kutoboa nitaongea kwa kirefu kwasababu hapa ndo bidhaa inaharibiwa na sisi wenyewe. Kila kitu kwenye bolti hii kinategemea tofauti ya milimita mbili tatu kati ya bomba na tundu. Kwa bomba la milimita 46 tundu linatakiwa liwe milimita 41 mpaka 45, kwa la 39 ni 35 mpaka 38. Ukizidisha milimita moja juu ya hapo bomba linaingia vizuri, raha tupu, mtu anafurahi kazi imekwenda, na umeweka pambo. Ukipunguza, bomba linagoma, linajikunja, pete inapasuka, na wenye mashine wanachukia. Kijino cha kutobolea kikiwa kipya kinatoa tundu pana, kikizeeka kinatoa tundu jembamba, na watu kwa kawaida wanalalamikia tundu jembamba tu kwasababu ndo linalowasumbua. Tundu pana halimsumbui mtu leo. Sehemu niliyowahi kufanya kazi walibadilisha vijino wakaleta vya kipenyo kikubwa kidogo ili kazi iende haraka, hakuna aliyepima, mpaka siku ya kuvuta bolti kwa majaribio zikawa zinatoka kwa mzigo wa aibu. Dari lote lile lilikuwa limejaa bolti, pleti zimekaa mstari, linapendeza. Nilikasirika na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kwasababu watu walikuwa wanapita chini yake kila zamu wakiamini wamelindwa.

Kwahiyo sikiliza bolti inavyoingia. Muda wa kuigongelea ni kipimo cha bure, ikizama bila kubisha kabisa ijue hiyo haishiki, ongeza nyingine pembeni yake. Geji ya kupimia kijino iwe mfukoni mwa kila anayetoboa. Tundu liwe refu kuliko bolti kwa sentimita kadhaa ili bomba lisigote mwisho kabla pleti haijakaa. Na mashine ya kugongelea isizungushe, igonge tu, ukizungusha unaharibu bomba. Jaribio la kuvuta lifanyike kila mwamba unapobadilika, sio mara moja mwanzoni mwa mradi alafu karatasi ikaingia kabatini. Mtengenezaji mwenyewe kwa bolti ya milimita 46 anapendekeza mshiko wa kuanzia uwe kama tani 4.5 mpaka 8.2, hiyo ndo namba ya kuitafuta.

Kutu. Ukuta wa bomba ni milimita chache tu, na halina saruji ya kulifunika, kwahiyo maji yanaingia ndani na nje. Kutu ya mwanzo inakwaruza na kuongeza msuguano, ukivuta bolti baada ya muda mfupi unaweza ukakuta inashika zaidi ya siku ya kwanza, na watu wanadhani wamepata bahati. Baadae chuma kinaliwa. Mwamba wenye madini ya salfaidi, yaani yenye salfa ndani yake, na maji yanapita, yale maji yanageuka tindikali, hapo bolti inaweza kuwa imekwisha kabisa ndani huku pete na pleti zinaonekana zipo. Zilizopakwa zinki zinadumu zaidi lakini hazidumu milele. Kwa njia ambayo itatumika miaka mingi, kituo cha mitambo, njia kuu, mi siiweki kama egemeo la kudumu, nyota 1, na hiyo moja ni kwasababu inaweza kukushikia dari wakati unaweka nondo za saruji. Wapo wanaoijaza saruji ndani baadae, inasaidia mshiko na inapunguza kutu ya ndani, ni njia nzuri kama ikifanywa kweli na sio kuandikwa tu kwenye ripoti.

Nimeacha la kulipuka kwa mwamba mpaka hapa kwasababu ndo pagumu zaidi. Mwamba mgumu kwenye kina kirefu unahifadhi nguvu, na ufa mkubwa ukiteleza au ngozi ikishindwa ghafla nguvu hiyo inatoka kwa mshindo, na mawe yanarushwa. Beaconsfield kule Tasmania, Aprili 2006, tetemeko dogo tu lililosababishwa na uchimbaji liliangusha mwamba, mchimbaji mmoja akafa na wawili wakakaa wamenaswa karibu mita 925 chini kwa wiki mbili. Hapa nguvu ya bolti kwa tani haikusaidii kufikiri, inabidi ufikiri kwa nishati. Chukua bamba la mita moja kwa mita moja lenye unene wa mita moja, kilo 2,700, limerushwa kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde: ni kilojuli 12 na ushee. Splitiseti inayoteleza kwa msuguano wa tani 5 kwa sentimita 10 imemeza kama kilojuli 5. Ikiendelea kuteleza inameza zaidi, lakini mpaka hapo jiwe limeshasogea kiasi gani, na je kipande kilichobaki ndani kinatosha kushika? Nondo ngumu ya rezini nayo inakatika mapema. Ndo maana Afrika Kusini walibuni bolti yenye koni mwisho, chuma laini kilichopakwa kitu cha kuteleza ndani ya saruji, koni inalima saruji huku ikimeza nishati, na kule Norway Charlie Li akaja na bolti ya D yenye sehemu laini kati ya nanga na nanga ili chuma chenyewe kinyooke. Hizo zimetengenezwa kwa ajili hii. Kwenye mwamba unaolipuka, splitiseti mi naikubali kwa kushikilia wavu tu, mzigo mkubwa wapewe hao wengine, na mtu akikwambia itatosha peke yake mwombe akuonyeshe hesabu ya nishati sio ya tani.

Na kuna kuvunjika ambako hakuna bolti yoyote ya kuulizwa. Nguzo za mwamba zilizoachwa nyembamba kupita kiasi zikianza kusagika moja inampa jirani yake mzigo, jirani naye anashindwa, na eneo zima linalala. Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960, watu 435 walikufa hivyo kwenye mgodi wa makaa. Baada ya hapo ndo watafiti Salamon na Munro mwaka 1967 wakatoa fomula ya nguvu ya nguzo kwa kuangalia nguzo zilizosimama na zilizoanguka, upana unasaidia na urefu unadhoofisha. Nasema hili kwenye maoni ya bolti kwasababu nimesikia watu wakisema nguzo imeanza kupasuka tuongezee bolti. Bolti zitaizuia ngozi ya nguzo isimwagike, hilo ni kweli na ni zuri, lakini mzigo uliozidi uwezo wa nguzo bado umezidi.

Kuhusu Swellex, bolti nyingine inayoshindana na splitiseti, kwa kifupi kwasababu naulizwa sana: nayo ni ya msuguano lakini ni bomba lililokunjwa linalovimbishwa kwa maji yenye shinikizo la kama megapaskali 30, linajaza tundu lenyewe kwahiyo haisumbuliwi sana na kipenyo cha tundu, mshiko wake ni mzuri zaidi, ila inahitaji pampu, na kutu ni tatizo lilelile. Kama timu yako haiwezi kudhibiti vijino vya kutobolea basi hiyo itakusamehe zaidi.

Cha mwisho ni muda wa kuweka. Handaki linapochimbwa, kama theluthi ya kusogea kote kwa mwamba kumeshatokea pale pale kwenye uso wa uchimbaji, na kunamalizika ukiwa umesonga mbele kama kipenyo kimoja na nusu. Splitiseti ukiiweka karibu na uso, bado ina theluthi mbili za kusogea mbele yake, inapata nafasi ya kuukamata mwamba vizuri, na ndo hapo wepesi wake unalipa. Ukiiweka wiki mbili baadae nyuma kabisa, mwamba umeshafungua nyufa zake na umeshatulia, bolti haina cha kukamata, inakaa tu imelegea mpaka siku jiwe litakapoamua kuanguka, na hapo mshiko unaoupata ni ule wa siku ya kugongelea tu. Kwahiyo angusha kwanza mawe legevu kwa mtaimbo ukiwa umesimama chini ya dari lililokwisha egemezwa, weka wavu, toboa, gongelea, pleti ikae imegusa, alafu ndo uchimbe mbele. Na zile utakazozivuta kwa majaribio zichague wewe mwenyewe bila kumwambia aliyeziweka, tena uchague na zile za kwenye kona alipokuwa anachoka.